Maziwa ya Mwamba

Siku ya onyesho la kwanza la filamu mpya ya Mwamba niliamka kabla ya jogoo, nikabaki nimelala chali nikitazama dari na kuomba mvua inyeshe. Niliomba mvua kubwa ya kung'oa mianzi. Mimi, Thavamani muuza maua, mwenyekiti wa chama cha mashabiki wa Mwamba hapa Madurai, niliyemnunia mkwe wangu mwaka mzima kwa kusema Mwamba amezeeka, siku hiyo nilikuwa naomba onyesho liharibike. Kulipokucha mbingu ilikuwa kavu, haina hata haya.

"Baba Kayal, amka," mke wangu Valarmathi aliita kutoka jikoni. "Mke mwenzangu anakungoja."

Mke mwenziye ni huyo huyo Mwamba. Jina lake kwenye mabango ni Sengodan, lakini mtaani kwetu ukisema Sengodan watu watakuuliza Sengodan yupi. Valarmathi alianza kumwita mke mwenzake wiki ile ile tuliyooana, nilipomwacha na wageni sebuleni nikakimbilia sinema. Hajaacha mpaka leo, na kusema kweli sijampa sababu ya kuacha.

Filamu haikunitisha. Kilichonitisha ni kupanda.

Kila filamu ya Mwamba inapotoka tunasimamisha picha yake mbele ya Sinema Ponmalar, picha ya mbao na turubai inayopita paa la jengo, na kando yake tunafunga kiunzi cha mianzi. Mwenyekiti anapanda na mtungi wa maziwa mabichi. Anamvisha Mwamba shada, kisha anammwagia maziwa kuanzia utosini, vile makuhani wanavyoimwagia miungu hekaluni. Maziwa yakifika miguuni ndipo milango inafunguliwa. Anayepanda ni mwenyekiti, si mwingine. Akimpa mtu mtungi, amempa na kiti. Hakuna aliyewahi kuliandika jambo hilo, lakini hakuna asiyelijua.

Nimeipanda mianzi hiyo tangu masharubu yangu yalipokuwa machanga, mvua na jua, na siku moja nikiwa na homa. Lakini tangu sikukuu ya mavuno kichwa changu si changu. Nikiinua uso kushusha kikapu rafuni, duka zima linaanza kuzunguka, maua juu, dari chini. Mara moja nilianguka kutoka kwenye kigoda nikajikuta sakafuni katikati ya asumini. Nilimwambia Valarmathi kwamba sakafu ilikuwa na maji. Alinitazama, kisha akaitazama sakafu iliyokuwa kavu kabisa. Kuanzia kesho yake nikawa nakuta vikapu vyote vimeshashushwa kabla sijafika dukani.

Ningesema. Methali naijua, mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini aliyetunga methali hiyo hakuwa na Kumaravel kwenye chama chake.

Kumaravel ndiye mwekahazina wetu. Anauza simu na chaja karibu na stendi, bado kijana, mgongo umenyooka, nywele kazikata kama Mwamba. Hana ubaya wowote wa kushikika, na hilo ndilo linaloniudhi. Filamu tatu za mwisho za Mwamba zilianguka, na ya tatu hata wiki haikumaliza. Siku tuliyokutana kupanga shughuli, Kumaravel alinimiminia chai kwa heshima zote, kisha akasema, "Kaka, mimi nawaza tu. Labda mikono inayommwagia Mwamba imechoka. Damu mpya si mbaya." Wenzetu wakatazama chini. Nilimjibu kwamba mikono yangu itachoka siku maiti yangu itakapochomwa moto ukingoni mwa mto, wakacheka, kikao kikaisha. Nilikuwa nimeshajifunga kwa ulimi wangu.

Sasa Valarmathi aliniwekea kahawa na idli mbili, vile vitumbua vya mchele vya mvuke. Kahawa niliinusa tu.

"Kula."

"Tumbo limejaa."

"Limejaa nini? Tangu jana hujatia kitu mdomoni." Aliketi mbele yangu, jambo ambalo hafanyi asubuhi. "Lazima upande wewe?"

"Lazima mimi."

"Hata nikikuomba mimi?"

"Usinianze, mama Kayal. Nina shughuli."

Hakunianza. Aliinuka, akaenda jikoni kuuandaa mtungi wa maziwa, na nilimsikia akifungua na kufunga makabati. Mimi nilivaa shati jeupe lenye uso wa Mwamba kifuani. Nilikosea vifungo, nikaanza upya.

Mbele ya Ponmalar barabara ilikuwa haipitiki. Fataki zilipasuka, watu walivunja nazi, kafuri ilifuka, vijana wakarusha vipande vya karatasi wakati onyesho lenyewe bado. Dereva wa basi alipiga honi mpaka akachoka, akazima injini, akashuka kucheza na wenzake. Mzee Irulandi, mpiga ngoma wetu, alikuwa anamtukana kila aliyekosea mapigo yake ya makofi, na watu walikuwa wanakosea makusudi ili watukanwe. Siku zote mimi hapo ndipo ninapozaliwa upya. Siku hiyo nilisimama kwenye kivuli cha Mwamba, nikainua macho.

Nilianzia viatuni, nikafika goti, nikafika mkanda. Nilipofika kidevuni, Mwamba aliinama kunifuata. Picha haiinami, nilijua, lakini hii iliinama, na lami ikainuka kidogo chini ya miguu yangu. Nilimshika bega jirani nikajifanya namsalimia.

"Kaka uko sawa?" Alikuwa Kumaravel, ndiye niliyemshika bega.

"Niko sawa kuliko wewe."

"Mbona jasho?"

"Ni jasho la furaha. Wewe hulijui."

Nikajiambia nitapanda polepole. Nitatazama mwanzi ulio mbele ya pua tu. Nikianguka, nitakuwa nimeanguka mwenyekiti. Nikawaza pia mambo ya kipumbavu, kwamba nikifa gazeti litaweka picha yangu ndogo kwenye kona, na Mwamba huenda akatuma shada la maua, na shada lenyewe litanunuliwa duka la mwingine. Hofu hunifanya niwaze hivyo.

Kabla ya kupanda, mwenyekiti huufunua mtungi mbele ya watu, akachovya kidole na kujipaka maziwa kwenye paji la uso. Valarmathi alinikaribia na mtungi wa shaba kiunoni, uzi wa manjano shingoni mwa mtungi, kitambaa cheupe juu. Ngoma zikapamba moto. Nilifungua kitambaa, nikachovya.

Kidole kiligusa bonge.

Nikatazama ndani. Maziwa yalikuwa yamekatika, mabonge meupe yakielea kwenye maji ya kijani hafifu. Harufu ya ndimu ikanipanda puani. Niliinua macho nikamtazama mke wangu, naye akanitazama. Hakuinamisha uso. Alikuwa ameukaza mdomo vile anavyoukaza akipandishiwa bei sokoni.

Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichohisi ni furaha. Ilishuka mpaka kwenye vidole vya miguu. Sipandi! Leo sipandi!

Kisha Mzee Irulandi, aliyekuwa karibu kuliko wote, akachungulia. Ngoma yake ikanyamaza katikati ya pigo.

"Yamekatika," alisema.

Neno lilikwenda nyuma mdomo kwa mdomo hadi ng'ambo ya barabara. Yamekatika. Maziwa ya Mwamba yamekatika. Kwetu maziwa yakikatika siku ya kuingia nyumba mpya, watu huahirisha kuingia. Na huyu ni Mwamba, ana filamu tatu zilizoanguka, na hii ndiyo ya kumwinua. Mwanamume mzima kando yangu aliketi kwenye ukingo wa njia, akajishika kichwa, akaanza kulia kwa sauti.

"Filamu imekufa kabla ya kuzaliwa!"

"Yametoka nyumba gani hayo maziwa?"

"Kwa mwenyekiti! Kwani yametoka wapi siku zote?"

"Nani kayabeba?"

Hapo macho yakahama kutoka kwangu kwenda kwa Valarmathi. Niliiona furaha yangu ikinyauka. Kijana mmoja nisiyemjua, mwenye jina la Mwamba limechorwa mkononi, alipaza sauti: "Pengine kayashika akiwa mwezini! Wanawake hawana adabu siku hizi!" Mwingine akasema tumepigwa mkosi na mtu wa ndani. Duara likatubana. Nikaona mkono umeinuliwa na kifuu cha nazi ndani yake, bado haujarusha, lakini hata kushushwa haushushwi.

"Tulieni!" Kumaravel alisema, na haki yake nimpe, alisimama mbele yao. Lakini kisha akageuka. "Shemeji, tuambie ukweli tu. Maziwa haya yamefanywa nini?"

Valarmathi alivuta pumzi. Namjua mwanamke huyu. Aliwahi kumwambia diwani usoni kwamba mwizi ni yeye. Angesema, ndimu nimekamua mimi, na ningekamua tena. Kifuu kile kingemfikia kabla hajamaliza. Nami niliyekuwa nimeogopa mianzi tangu alfajiri, sasa niliogopa mdomo wa mke wangu kuliko mianzi yote ya Madurai.

"Ni mimi," nikasema.

Hakuna aliyesikia. Ikabidi nipige kelele.

"Ni mimi! Ndimu hiyo nimekamua mimi! Mke wangu hajui kitu. Nimeyakata maziwa kwa mkono wangu kwa sababu naogopa kupanda. Nina kizunguzungu. Nikiinua kichwa dunia inazunguka. Nimeogopa kusema, nimeogopa kupanda, nikakamua ndimu. Haya, semeni."

Hata dereva wa basi alinitazama kwa huruma. Nilitaka lami inimeze, na papo hapo kifua kilikuwa chepesi, maana kila neno lilikuwa kweli isipokuwa mkono.

Mzee Irulandi akanyakua mtungi. Akanusa, akachovya, akaramba, akakunja uso.

"Ndimu kabisa," alitangaza. "Hakuna mkosi hapa. Ni woga tu wa mtu mzima!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Walicheka kwa nafuu, yule aliyekuwa analia akicheka kuliko wote, machozi bado mashavuni.

"Mwenyekiti anaogopa mwanzi!"

"Mleteeni ngazi ya kupandia kitandani!"

"Mpeni sari, na maua anayo tayari!"

"Kaka Thavamani, hata kwenye bembea hupandi?"

Nilisimama nikazipokea zote. Yule wa kifuu alikitupa mtaroni ili apige makofi vizuri. Valarmathi alikuwa ameganda kando yangu.

Niliumwaga ule mchanganyiko kando ya ukuta, nikausuuza mtungi kwa maji ya dafu, nikamkabidhi Kumaravel mbele ya watu wote. Aliupokea kwa mikono miwili. Maziwa mengine yaliletwa kutoka duka la ng'ambo, ya pakiti, wakazichana pakiti kwa meno na kuyamimina. Shada nililolifunga jana yake nilimvika begani mwenyewe. Iliniuma. Nisijifanye shujaa, iliniuma hadi meno.

Kumaravel akaanza kupanda.

Ngazi za chini alizipanda kwa mbwembwe, akipunga mkono. Alipofika kwenye goti la Mwamba mbwembwe zikaisha. Alipofika kwenye mkanda alisimama. Kutoka chini niliona nyayo zake zikitafuta mwanzi na kuukosa, nikajua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua pale: huyu kijana hajawahi kupanda juu kuliko dari ya duka lake.

"Usitazame chini!" nilipiga kelele. "Kumaravel! Tazama kifungo cha shati! Kifungo tu!"

Mtungi ulimyumbisha. Mguu ukateleza. Umati wote uliguna, naye akaning'inia kwa mkono mmoja, maziwa yakimwagika mgongoni mwake. Mtu huyu nimemchukia miezi na miezi, na sasa nilikuwa namwombea kwa majina ya miungu yote niliyoikumbuka.

"Mkono wa kushoto! Kuna fundo la kamba, lishike! Hivyo. Vuta pumzi. Sasa mguu, juu kidogo. Juu, mwanangu, juu!"

Akalishika. Akapumua. Akapanda, kifungo kwa kifungo, mpaka begani, akatupa shada shingoni mwa Mwamba, limekaa upande, akamwaga maziwa yaliyobaki. Yalishuka kwenye paji, kwenye pua, kwenye masharubu. Ngoma zililipuka, na milango ya Ponmalar ikafunguliwa.

Aliposhuka, watu walimbeba juu juu. Alijinasua, akanijia na uso umekuwa wa majivu, akanong'ona sikioni: "Kaka, ulikuwa unafanyaje hivi miaka yote?"

"Sijui," nikamwambia. "Nilikuwa simtazami mtu aliye chini."

Wakamchukua, wakaenda naye kwenye kiti cha katikati mstari wa mbele, kiti changu. Mimi na Valarmathi tulipata nafasi pembeni, karibu na ukuta, chini ya feni isiyozunguka. Taa zikiwa bado zinawaka, aliuliza bila kunigeukia:

"Kwa nini umesema ni wewe?"

"Kwa nini umetia ndimu?"

"Nilikuomba asubuhi. Ulisema una shughuli."

"Na kama ningepanda na mabonge yale yale?"

"Nilikuwa na ndimu nyingine kwenye pindo. Ningekupiga nayo kichwani ungali chini."

Nilitaka kucheka, taa zikazimwa. Jina la Mwamba lilipotokea, ukumbi ulipiga miluzi mpaka kuta zikatetemeka, karatasi zikatunyeshea. Nilipiga mluzi mmoja, ukatoka dhaifu. Hakuna aliyegeuka kuona nani kapiga.

Mwamba alikuwa mzuri. Alitembea, akanyoosha masharubu, ukumbi ukapagawa, nami nikaanza kusahau. Kisha jambazi akakimbilia mnara wa hekalu, na Mwamba akamfuata. Akaanza kupanda kwa mikono mitupu, sanamu kwa sanamu, na ghafla wakatuonyesha chini kutoka juu, watu wadogo, barabara nyembamba, kila kitu kikizunguka.

Kiti kilinitoka chini. Nikafumba macho, nikashikilia mikono ya kiti, jasho likanitoka upya. Nyuma yangu mtu akacheka: "Tazameni, mwenyekiti wa zamani kafumba macho! Hata kwa filamu!" Wengine wakacheka naye. Nilijiambia nitafumbua sasa hivi, nisife mara mbili siku moja, lakini macho yalikataa. Filamu niliyoingoja mwaka mzima ilikuwa inapita mbele yangu nami naiona giza.

Mkono wa Valarmathi ukanishika. Akaniinamia sikioni.

"Amefika dirisha la kwanza," alisema. "Anapumzika. Anapanda tena. Sasa ameweka mguu wa kulia."

Alisema polepole, bila haraka, bila kutafuta neno.

"Ameteleza. Amejishika. Yuko sawa, amejishika. Anatafuta pa kuweka mguu. Amepata. Anapanda."

Sauti yake haikuwa ya mtu anayetazama filamu. Huyu mwanamke hajawahi kuisifia filamu hata moja ya Mwamba, husinzia kabla ya mapumziko, lakini maneno haya alikuwa nayo yote, kwa mpangilio, amezoea kuyasema. Ndipo nilipoelewa. Kila filamu, miaka yote hiyo, alisimama chini ya mianzi baada ya kunipa mtungi. Nilidhani anangoja milango ifunguliwe. Mimi nilikuwa naogopa tangu sikukuu ya mavuno. Yeye alikuwa anaogopa tangu tuoane.

Nikalia pale kwenye kiti, macho bado yamefumbwa, na sikujali nani anacheka.

"Sasa anashuka," alisema. "Mguu mmoja. Wa pili. Bado kidogo. Usifumbue, bado kidogo."

Kelele za ukumbi zilipungua. Muziki ukabadilika. Mkono wake ukalegea ndani ya wangu.

"Ameshuka," alisema, akanifuta uso kwa pindo la sari lililonuka ndimu. "Haya, tazama filamu yako."